Chupa Kwenye Maji Baridi

Mara ya pili waliponipuliza hewa, hospitalini Nakuru, bega langu la kulia liliuma vibaya, nami nikacheka kwa sauti. Muuguzi aliyekuwa amenishika mkono alinitazama kama anayetafuta mlango. Hakuwepo ile mara ya kwanza, nilipolala juu ya kitanda kile kile cha chuma, miguu juu, nikaambiwa kwamba hewa wanayoipitisha kwenye njia ya uzazi ikikuta njia imefungwa hurudi ilikotoka, na ikikuta njia iko wazi hupanda mwilini mpaka mtu aumwe na bega. Mara ile ya kwanza bega lilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikijua nimefungwa, kisha zikafuata sindano, wiki baada ya wiki, mpaka nikawa siwezi kukaa bila kuegemea upande mmoja. Kwa hiyo siku bega lilipouma, nilicheka, kisha nikalia, kisha nikamwomba muuguzi anibonyeze hapo hapo nisikie tena.

"Mama, umeugua akili?" akaniuliza.

"Nimepona tumbo," nikamjibu.

Neno hilo, mama, lilinisumbua sana hospitalini. Sisi ni Wakipsigis, na kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi miaka yote niliitwa kwa jina la boma la baba yangu, kama msichana aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao. Nakuru kila mwanamke aliyekaa kwenye benchi aliitwa mama, hata yule aliyeletwa pale kwa kukosa mtoto. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo niligeuka nyuma kuona nani anaitwa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, wakati kila njia ilikuwa na askari. Tuliishi Mau Narok, kwenye shamba la mzungu mmoja aliyelima ngano na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mume wangu alikuwa mtu wa krimu. Alisimamia ukamuaji alfajiri, akazungusha mashine iliyotenga krimu na maziwa, akaijaza krimu kwenye mikebe na kuipakia kwenye lori la kwenda Nakuru. Krimu ikifika imechachuka ilirudishwa, na mzungu alipiga kelele mpaka ng'ombe wakasikia. Ya mume wangu haikurudishwa. Siri yake ilikuwa mfereji ulioshuka kutoka msituni nyuma ya banda, maji ya baridi ya kuuma meno. Mikebe ililala humo hadi shingoni, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, na njiani aliwaagiza watu wa lori wayamwagie magunia maji kila penye kijito. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, lakini ukigusa mikebe yake ungeyasikia yote aliyoyaweka akiba.

Mama yake aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Huyo hakuweka maneno akiba. Mtoto wa jirani akiugua nami nikitoa shauri, alikuwa akisema, akiangalia moto, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Basi. Hakuongeza kitu, na wanawake wengine waliangalia vikombe vyao. Mwaka ule alikuwa amekwisha pata msichana upande wa Sachangwan, mwenye mabega mapana na dada zake wote wamezaa. Aliniambia mwenyewe, bila kunificha, tukiwa tunachambua mboga. Ngano ikishavunwa, wazee watakwenda kuposa.

"Sikufukuzi," akasema. "Nyumba yako utabaki nayo. Lakini nyumba bila mtoto ni ghala."

Nilijua mambo yanavyokwenda. Mke wa pili angekuja, angezaa, na mimi ningebaki kwenye ghala langu nikimchemshia maji ya kuoga. Wako waliofanywa hivyo wakakaa vizuri. Mimi nina hasira, nisingekaa vizuri. Ndiyo maana begani palipouma niliona nimeokoka, kwa sababu ngano ilikuwa bado ya kijani na njia yangu ilikuwa wazi.

Ngano ikaanza kugeuka rangi. Kila mwezi nilingoja, na kila mwezi damu ilikuja kwa wakati wake, kama mdai asiyekosea mlango. Watu husema subira huvuta heri. Niliivuta mpaka mikono ikachubuka. Nilirudi Nakuru, daktari akanipapasa tumbo, akasema maneno na dresa akayageuza kwa Kiswahili. Dresa alikuwa Mwafrika aliyemsaidia daktari na kuangalia vitu kwenye hadubini, kijana wa Kisii mwenye koti jeupe lililomzidi.

"Daktari anasema kwako haoni kitu tena," akaniambia. "Sasa mlete mzee."

Nilimpa mume wangu habari hizo akiwa anakula, jambo ambalo lilikuwa kosa. Aliweka bakuli chini.

"Mimi nipimwe kama fahali?"

"Kama fahali," nikamwambia. "Ng'ombe wa mzungu wasiposhika mimba, daktari wa mifugo anaanza kuangalia nani? Si wewe unayemshika fahali pua akiangaliwa? Mbona nyumbani kwako umeanza na ng'ombe?"

Akatoka nje. Siku kadhaa alipitia mlangoni akiangalia paa. Mwishowe akasema kwamba Nakuru hatakwenda kuvuliwa suruali na watoto, lakini kama wanataka kuona wanachotaka kuona, wakione bila yeye. Nikamweleza dresa. Akafikiri, akanipa chupa ndogo yenye kizibo, iliyochemshwa, akasema mzee ajaze nyumbani na mimi niilete siku hiyo hiyo, mbio, isiharibike njiani.

Asubuhi ya siku ile mume wangu aliamka kabla ya kukamua. Alinipa kisogo, akafanya alichoambiwa afanye, akaziba chupa. Kisha, badala ya kunipa, akatoka nayo mbio kuelekea mfereji. Nilimfuata nikijifunga shuka. Nilimkuta amepiga magoti kwenye umande, ameizamisha chupa ndani ya maji na kuishika shingo kwa vidole viwili.

"Zisipate joto," akasema. "Mbegu za fahali zinazoletwa kutoka Nairobi huja na gari la moshi ndani ya themosi ya barafu. Nimeona kwa macho yangu. Zikipata joto, zimekwisha."

Akachukua mkebe mdogo wa kuonjea krimu, akaujaza maji ya mfereji, akaweka chupa humo, akaufunika kwa gunia bichi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa baridi. Mimi nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Miaka yote nilikuwa nimepanda lori lile peke yangu na tumbo langu, na leo alinipa kitu chake nikibebe, naye alikuwa amekitunza kama anavyotunza kazi yake.

Nami nilikitunza. Nilikaa kati ya mikebe, mkebe mdogo mapajani, na penye kijito niliruka chini nikabadilisha maji ili yabaki baridi. Kabla ya Njoro askari walitusimamisha. Walishusha kila mtu, wakapekua magunia, mmoja akaufunua mkebe wangu na kuitoa chupa.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya ng'ombe, afande."

Akaishika kwenye jua. Akaitikisa. Akatoa kizibo, akanusa, akaniangalia, akanusa tena. Nilihisi jasho likishuka mgongoni ijapokuwa kulikuwa na ukungu. Huyu mtu akiimwaga, nilijiambia, mume wangu hatakubali mara ya pili, na ngano wiki hii inaingia mashine. Akairudishia kizibo chake.

"Ng'ombe wenu wana taabu," akasema, akanirudishia.

Hospitalini dresa alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akainama. Alikaa muda mrefu. Akaongeza tone lingine. Kisha akaenda kumwita daktari, naye akainama, wakasemezana Kiingereza kwa sauti ya chini. Mimi niliwaangalia midomo.

"Mama," dresa akasema, "zote zimekufa. Hakuna hata moja inayotingishika. Daktari anasema wewe huna kosa."

Nilifurahi. Afadhali niseme hivyo hivyo. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyetua kuni, na kwenye barabara ya kuteremkia mjini nikajikuta nasema kwa sauti, huna kosa, huna kosa, hata mama mmoja wa sokoni akaniitikia, "Ndiyo, dada." Niliyakumbuka mabakuli yote ya dawa chungu niliyonyweshwa na mama mkwe, vikombe vilivyoangaliwa, na yale mabega mapana ya Sachangwan. Wamlete msichana wao, nikawaza. Atazalishwa na nani?

Furaha ile ilinifikisha mpaka mlangoni. Nilimwambia mume wangu tukiwa wawili tu.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Akasimama, akaenda kuangalia mikebe iliyokuwa mitupu. Wiki ile krimu ilirudishwa kwa mara ya kwanza, imechachuka, na mzungu alipopiga kelele mume wangu alimsikiliza kama anayesikiliza mvua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda kwa mama yake, akamwita na mjomba wake asikie, akasema, "Msiende kuposa. Mtamtesa mtoto wa watu bure. Kasoro ni yangu." Niliyapata kwa mjomba baadaye. Angeweza kunyamaza, wazee wakaenda, msichana akaja, akakaa miaka naye akaitwa tasa kama mimi. Wanaume wengi wangefanya hivyo. Nilipoyasikia, ushindi wangu ulichachuka kama krimu ile iliyorudishwa.

Sasa mama mkwe alibadilika. Alikuja kwangu amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mazuri, ya kupewa mgeni. Akakaa, akanisifu moto wangu.

"Mwanangu," akaniita hivyo kwa mara ya kwanza, "kwetu mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe wa mahari. Aliyemleta hatumuulizi. Mume wako ana wenzake wa rika, waliotahiriwa pamoja naye, na mtu na mwenzake wa rika ni mtu mmoja. Yuko yule dereva wa trekta wa shamba la chini. Ana adabu, na watoto wake unawaona. Akija kutembea akaacha fimbo yake mlangoni, mume wako atajua, atalala penye ng'ombe. Ni jambo la zamani, si aibu."

"Na mwanao anasemaje?"

"Mwulize mwenyewe."

Nikamwuliza mwenyewe. Akasema, "Fanya unavyoona." Nilitamani anipige kelele, avunje kitu. Sitasema kwamba sikufikiria. Nilifikiria sana. Nilitaka mtoto kuliko nilivyotaka heshima, na yule dereva hakuwa mtu mbaya. Lakini nilimwambia mama mkwe kwamba kwanza nitakwenda Nakuru mara moja zaidi, kumtafutia mwanawe dawa, kama ipo. Akakubali kwa shingo upande. Akasema nikirudi, mgeni atakuwa njiani.

Nilimkuta dresa akisafisha vioo vya hadubini. Nikamwuliza kama kuna sindano ya mwanaume, kama zile zangu. Akaniuliza mambo mawili matatu, mzee amewahi kuugua nini, halafu akauliza ile chupa niliileta vipi. Nikamweleza kwa fahari. Nikamweleza mfereji, gunia, maji niliyobadilisha kila kijito, na kwamba ilifika baridi kuliko ilivyotoka.

Dresa aliweka kioo chini akashika kichwa.

"Mama! Mliziua wenyewe."

"Za fahali huja kwenye barafu. Mume wangu ameona."

"Za fahali zinachanganywa na kiini cha yai kwanza, ndiyo zinavumilia. Za mtu zinataka joto la mtu. Ungeibana kwapani. Na hata ungebana, Mau Narok ni mbali. Kosa ni langu pia, sikukuambia. Nilijua utaiweka mfukoni kama watu wote." Akatikisa kichwa. "Nani anaweka kitu kama hicho kwenye maji ya barafu?"

"Mtu wa krimu," nikasema. Kisha nikauliza, "Kwa hiyo yeye ni mzima?"

"Sijui. Hatujui kitu. Aje hapa mwenyewe, afanyie hapa, tuone."

Nilirudi kati ya mikebe mitupu iliyogongana njia nzima. Sijapata kuwa na safari mbaya kama ile, na hakuna askari aliyenisimamisha. Nilikuwa na jambo mdomoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua juu ya mlima ule. Nikilimeza, msichana wa Sachangwan hatakuja kamwe, dereva wa trekta atakuja, na huenda mwaka ujao nikaitwa kwa jina la mtoto. Mume wangu ataendelea kutembea ameinama, lakini ataitwa baba. Nikilitema, atakwenda Nakuru, na akikutwa mzima, mama yake hatangoja hata ngano ya mwaka mwingine. Mimi nitakuwa mwanamke mwenye njia wazi, mume mzima, na hakuna mtoto, na kwa mwanamke kama huyo hakuna jina lingine isipokuwa lile la mwanzo, tasa.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya msitu. Fimbo ilikuwa imesimama mlangoni mwangu, imeegemezwa vizuri, kwa adabu. Dereva wa trekta alikuwa ndani, amekaa kwenye ukingo wa kigoda na koti lake magotini.

"Shemeji," akasema, akiangalia ardhi, "niliambiwa nije."

Nikamsalimu, nikampa chai, nikamwambia angoje. Nadhani hata yeye alishukuru kungoja. Nikateremka kwenye banda la maziwa. Mume wangu alikuwa anasugua mkebe kwa majivu, mkebe uliokuwa unang'aa tayari.

"Mgeni wako amefika," nikamwambia.

"Nimemwona akipita."

"Umemwona akipita, nawe umebaki hapa unasugua bati?"

Aliendelea kusugua. Nikamwambia yote, maji baridi, yai, kwapa. Niliyasema upesi, nikiogopa kwamba nikipumua nitaacha. Alisikiliza mkono ukiwa ndani ya mkebe mpaka kiwiko.

"Kwa hiyo huenda mimi ni mzima."

"Huenda."

"Na nikiwa mzima, mama atapeleka wazee Sachangwan. Unajua?"

"Najua."

"Basi umekuja kuniambia kwa nini? Mtu wa kukuzalisha amekaa kwako anakunywa chai."

"Kwa sababu nina hasira!" nikapiga kelele, ng'ombe wakageuka. "Nina hasira kukuona umekunjwa hivi kwa jambo ambalo hakuna anayelijua. Kama ni kukunjwa, tukunjwe na ukweli."

Akautoa mkono polepole, akaufuta kwa gunia. Akapanda mpaka nyumbani, mimi nyuma yake. Akaichukua ile fimbo mlangoni, akaingia, akampa mwenzake kwa mikono miwili kama unavyompa mtu kitu chake cha heshima, akamsindikiza mpaka njia ya shamba la chini. Niliwaona wakisimama kidogo kwenye kona. Sikuwahi kujua walisemezana nini.

Mume wangu aliomba ruhusa kwa mzungu, akasema mke ni mgonjwa. Hospitalini walimpa chupa na chumba chenye pazia. Nilikaa kwenye benchi na wanawake wengine, sote tukiangalia pazia lile, mpaka nikatamani kuwafukuza. Alikawia sana. Alipotoka alikuwa amebana kwapa ndani ya koti, mkono mmoja umeushikilia mwingine, ingawa meza ya dresa ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka ndani.

Dresa akainama kwenye hadubini. Akainua kichwa upesi.

"Mzee, njoo uone mwenyewe."

Mume wangu akainama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na mgongo wake ukatulia kabisa. Kisha nikasikia, "Zinakimbia." Halafu tena, "Ni nyingi. Zinakimbia." Hakutaka kutoka pale. Dresa alimgusa bega, akamgusa tena. Alipojiinua, machozi yalikuwa yamemfika kidevuni na alikuwa anatabasamu kwa meno yote, kama asubuhi ng'ombe aliyesumbuka usiku kucha anapozaa ndama mzima. Nilimfurahia kwa moyo wangu wote. Wakati huo huo nilimwona msichana wa Sachangwan akija, nikakaa chini bila kuambiwa nikae.

Daktari alikuja, akasema kwa kifupi kwamba haoni kasoro kwa mke wala kwa mume. Hana dawa ya kutupa. Twende nyumbani tujaribu. Nilimwangalia mtu yule mwenye vyombo vyote vile, nikaelewa kwamba kukosa kosa si kupona. Mgonjwa ana dawa yake, lakini sisi tulikuwa wazima wawili bila mtoto.

Tulipanda lori kurudi. Nilikuwa nahesabu moyoni vitu vya nyumbani ambavyo ningemwachia msichana na ambavyo nisingemwachia. Tulipopita Njoro na kuanza kupanda, aliinama sikioni mwangu kwa sababu ya kelele za injini.

"Nyumbani nitasema ni vile vile."

"Vile vile nini?"

"Nitasema zimekufa. Daktari amerudia, zimekufa."

"Una wazimu? Unajua watakuita nani? Kwenye pombe, mbele ya watoto, mpaka unazeeka. Unajua?"

"Wewe," akaniuliza, "wamekuita kwa muda gani?"

Nilitazama mashamba ya ngano, yamekwisha katwa, mabua tu, yanapita.

Mama yake alikuwa ametusubiri nje, amekaa kwenye kigoda chake. Alimtazama mwanawe usoni, na nafikiri aliiona furaha aliyokuwa anajaribu kuificha, kwa sababu alianza kuinuka. Mume wangu akasema. Alisema limethibitishwa, zimekufa, na hakuna dawa. Akasema pia, bila kupandisha sauti, kwamba hakuna fimbo itakayoegemezwa mlangoni kwake tena, ya mwenzake wala ya yeyote, na anayetaka kuzungumza jambo hilo azungumze naye, asizungumze na mimi. Mama alikaa tena. Alijifunika shuka kichwani, akaanza kulia kile kilio cha matanga, cha mtu aliyezima moto wake bila kuacha kaa. Mwanawe alisimama mbele yake akaacha aliliwe. Nilitaka kusema. Aliniangalia mara moja tu, nikafunga mdomo.

Mtoto hakuja, si mwaka ule wala mwingine, ijapokuwa nilirudi Nakuru mpaka nywele zikaanza mvi. Jina la tasa lilitoka kwangu likahamia kwake, na watu walilitumia kama walivyolitumia kwangu, bila haya. Mimi nilipata jina jipya, mke mvumilivu, aliyebaki na mume asiyefaa wakati angeweza kuondoka. Wanawake walikuja kunipa pole jikoni kwangu. Walisema nina moyo, walisema wao wasingeweza. Mume wangu alikuwa akikaa pale pale karibu na moto, anakunywa chai yake, akiitikia kwa kichwa kukubaliana nao.